Kuzunguka Ziwa la Muringa Bila Mifugo

Shuleni, Nyeri
12 Mei 2025

Kwa Baba mpendwa,

Asalaam aleikum. Mimi ni mzima, ila baridi ya asubuhi inanifanya nivae soksi mbili. Mama hajambo? Na mguu wako wa kushoto, bado una ganzi?

Baba, naandika kwa sababu kwenye simu ya shule kuna foleni, na siwezi kusema jambo hili watu wakinisikiliza. Mama aliniambia daktari amesema kiharusi kilikuacha na nafasi: usipoutembeza mguu sasa, utazoea kulegea na hautarudi. Tena anasema unashinda kwenye kiti mlangoni mwa duka la baba mdogo Awale, na hata sokoni hufiki.

Wiki jana klabu ya jiografia ilitupeleka Ziwa la Muringa, huku Naromoru. Kuna njia tambarare inayozunguka ziwa lote, na kibao langoni kinasema ni rahisi hata kwa familia zenye watoto. Katikati ya muhula, Jumamosi tarehe 28 Juni, twende sisi watatu. Tafadhali.

Binti yako,
Rowda


Nanyuki
24 Mei 2025

Rowda binti yangu,

Waaleikum salaam. Sisi wazima. Mama yako anasema ule vizuri, usiwe msomi wa kukonda.

Sasa nikuulize. Mimi niliswaga mbuzi kutoka Isiolo hadi hapa kabla sijaota ndevu. Nilitembea kwa sababu mifugo ilikuwa mbele na soko lilikuwa mwisho. Hii safari yako mwisho wake ni wapi? Unaanzia langoni, unazunguka maji, unarudi langoni. Hujauza, hujanunua. Mtu wa soko akiniona huko bila hata mbuzi mmoja mbele yangu, nikiburuta mguu kati ya watoto wenye baluni, atasema Abdilatif aliuza mifugo na akili pamoja.

Soma vitabu vyako. Mguu niachie mimi.

Baba yako


Shuleni, Nyeri
9 Juni 2025

Kwa Baba,

Idd Mubarak. Natumaini mlikula vizuri na afya ni njema. Mama aliniambia kwa simu kwamba soko la Idd lilipita ukiwa kwenye kiti, na wateja wako wakanunua kwa wengine. Sijapata raha tangu hapo.

Mguu siwezi kukuachia. Samahani kwa kukujibu hivyo.

Jumamosi klabu ilirudi ziwani. Nilizunguka nikiburuta mguu wa kushoto kama wewe, na fimbo mkononi, ili nijue. Griffins wa darasa letu akapiga kelele, "Rowda! Umezeeka saa ngapi? Tukuitie boda?" Wote wakacheka. Unajua nikichekwa natafuta pa kujificha. Pale hapakuwa na pa kujificha, ni maji na njia tu, kwa hivyo niliendelea.

Benchi la kwanza liko karibu, chini ya mikaratusi. La pili liko baada ya daraja la mbao, nalo daraja lina mahali pa kushika. Halafu kuna kipande chenye tope. Pita upande wa nyasi. Kilima hakuna. Tarehe 28 nitakuwa langoni.

Binti yako,
Rowda


Nanyuki
30 Juni 2025

Rowda binti yangu,

Salaam. Poleni kwa tetekuwanga huko bwenini. Ujumbe wa shule ulifika Ijumaa, kwamba hakuna mwanafunzi atakayetoka. Umeshikwa? Usijikune.

Nilienda. Nilifikiri, heri Rowda hayuko, nikishindwa hataona. Mama yako nilimwambia naenda kumwona mteja. Nikapakia kondoo dume mmoja kwenye pikapu ya kukodi, ili mtu wa soko akinikuta aone niko kazini.

Mlinzi wa lango anaitwa Wamae. Akasema, "Mzee, hiyo kondoo haiingii."

"Kibao kinasema familia."

"Sasa huyu ni nani wako?"

"Ndiye pekee nyumbani anayenitii."

Alicheka mpaka kofia ikaanguka, lakini kondoo alifungwa kwenye ua. Nikaingia peke yangu. Rowda, mbele yangu hakukuwa na kitu. Sikujua macho niyaweke wapi. Nilifika benchi la kwanza, nikakaa. Mtoto akamuuliza mama yake kwa sauti kwa nini yule babu anatembea hivyo. Mimi si babu. Nikarudi, nikamfungua kondoo, nikaja nyumbani.

Basi, nimejaribu. Tusiliongee tena.

Baba yako


Shuleni, Nyeri
6 Julai 2025

Kwa Baba,

Salaam nyingi. Sikushikwa na tetekuwanga. Barua yako niliisoma nyuma ya maktaba, nikacheka, kisha nikalia, kisha kengele ikalia.

Unasema tusiliongee. Ninaliongea. Yule mtoto aliuliza kwa sababu alikuona. Ukipita tena na tena atazoea, kama Griffins alivyonizoea. Siku hizi ananiita Bi. Fimbo, na mimi naitika. Ukikaa kwenye kiti hakuna atakayekuuliza kitu, na mguu utalala kabisa. Sitaki baba ambaye hachekwi. Nataka baba anayetembea.

Mwambie Mama ukweli, uende naye. Kondoo abaki. Nisamehe kwa ukali, lakini sifuti neno.

Binti yako,
Rowda


Nanyuki
20 Julai 2025

Rowda binti yangu,

Waaleikum salaam. Mama yako mzima, na sauti yake nzima zaidi. Alipojua mteja wangu alikuwa ziwa, alinisema tangu alfajiri hadi adhuhuri, halafu akavaa raba.

Jana alitangulia mbele na hakugeuka hata mara moja. Nikaita, "Khadijo, ngoja!" Akajibu, "Njia ni moja, utanikuta." Daraja nilivuka nimeshika. Kwenye tope nilipita upande wa nyasi. Huko ng'ambo nilichoka, nikataka kurudi. Nikaangalia nyuma, lango liko mbali. Nikaangalia mbele, liko mbali vilevile. Hilo hukuniambia kuhusu ziwa. Ukishafika upande wa pili, kurudi si rahisi kuliko kuendelea. Nilikaa, nikamtukana daktari kwa Kisomali, nikainuka.

Tulizunguka lote. Alhamisi tunaenda tena.

Leo mguu unauma kutoka nyonga hadi kidole. Miezi yote hii haukuwahi kuuma. Mama yako amekuja na mafuta anataka kuukanda, nami nimemwambia angoje kwanza, niusikie.

Baba yako