Ognyan Terziev na Kidonda cha Mama Mkwe

Mwaka umetimia leo, Ognyan, tangu ulipotutoka, na bado tunaokota rula zako za kupimia vidonda katika kila chumba.

Kwa miaka kumi na tisa uliifundisha kompyuta namna ngozi inavyojifunga, seli zikitambaa kutoka ukingoni hadi zikutane katikati. Wagonjwa hukuwa nao, ukatugeuza sisi kuwa wagonjwa wako. Binti yako Kalina alipoanguka na baiskeli ulimkimbilia, tukadhani unakwenda kumbembeleza, kumbe unamwomba asipanguse damu mpaka upige picha. Mkeo Stiliyana alikufukuza jikoni kila alipomenya viazi, maana ulimtazama kwa matumaini mno.

Ulikuwa mpole. Tena ulikuwa msumbufu, Mungu atusamehe kwa kusema.

Kisha mama mkwe wako, bibi Nedelya, akapata kidonda mguuni kisichosikia dawa, daktari akaanza kuzungumzia kukata. Ulijifungia siku mbili, ukatoka ukasema kompyuta imeona kidonda kikifunga siku ya arobaini. Kwa kukuheshimu, daktari akakubali kungoja.

Kila asubuhi ulifunua bandeji, ukapima, ukapiga picha, ukafunga. Siku ya arobaini kidonda kilikuwa wazi vilevile. Uliketi mbele ya supu ya maharage bila kuigusa, ukamwambia Stiliyana umempotezea mama yake mguu. Ulilia, nasi tukalia nawe. Ulipekua hesabu zote mstari kwa mstari, kosa hukuliona.

Bibi ndiye aliyeliona.

"Mkwe, hiyo kompyuta yako nayo hufunua bandeji kila siku?"

"Hapana, mama. Yenyewe inaona tu bila kugusa."

"Basi yenyewe ina akili. Wewe ndiye unayenibandua ngozi."

Ulikwenda kumbembeleza daktari. Alikupa wiki tatu za mwisho, na bandeji akamwachia muuguzi, mara mbili kwa wiki. Wiki hizo ulikonda kuliko mgonjwa. Ulizunguka kiti cha bibi mikono ikiwa mfukoni, ukimuuliza kama kunawasha, naye akikujibu kwamba kinachomuwasha ni wewe. Muuguzi alipofunua mara ya mwisho, ngozi ilikuwa imekutana.

Hukuona haya kukiri. Uliiongezea kompyuta mtu wa kufunua bandeji kila asubuhi, na kidonda chake nacho kikakataa kufunga. Wenzako chuoni wakasema hesabu zako zimeanza kufanana na binadamu. Sisi tulikupenda hata kabla hazijafanana.

Wanaokukumbuka kwa upendo ni mkeo Stiliyana, binti yako Kalina, dada yako Tsvetana, na mama mkwe wako Nedelya, mwenye miaka themanini na minane. Tulitaka kumsaidia kubandika karatasi hizi za kumbukumbu yako kwenye milango ya mtaa, kama ilivyo desturi yetu, akatunyang'anya gundi. Anazizungusha mwenyewe, mlango kwa mlango, kwa miguu yake miwili.

Ognyan wetu, hakuna siku tutakayokusahau.