Mama Aliniomba Yasini

Kaka Abdulatif,

Shikamoo. Hapa Ujiji arobaini ya Mama imepita salama, na dagaa ufukweni Katonga wanapatikana.

Uliuliza kama alisomewa Yasini akikata roho. Msibani nilisema ndiyo. Kaka, aliniomba mimi. Nilifika aya ya tatu nikakwama. Kila siku nikianika dagaa, spika inaimba wimbo uleule wa mapenzi kando yangu, na wimbo huo ndio uliokuja mzima, bila kuitwa. Msahafu ulikuwa kabatini. Niliona haya kuufungua mbele yake. Masikio yake yalishakuwa mazito. Nikauimba wimbo ule taratibu, kwa mahadhi ya kisomo.

Mama akaitikia, "Amina," akanyamaza moja kwa moja.

Msomee wewe. Ulimi wangu bado unaimba.

Mdogo wako,
Zuhra