Malimbuko ya Chainizi

Tabata, Dar es Salaam

Kaka Stanley mpendwa,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi na Praygod wenu, na goti la mama liwe limepoa. Sie huku miili ni mizima, roho ndiyo haijatulia. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatisha kabla sijafika mwisho, nakujua wewe.

Unakumbuka ulivyoisifia bustani yetu ya bondeni, ukasema kipupwe cha Dar kinamlipa mume wangu Brightson kuliko kahawa inavyokulipa wewe? Kweli, kipupwe ndio msimu wetu. Jua limepoa, wadudu wamepungua, mboga yetu ya chainizi inatanua majani. Lakini majira yametugeuka, kaka. Mwaka ule wa El Nino maji yalizoa matuta na mbolea yake, tukaanza upya. Safari hii vuli haikunyesha, masika imepita juu kwa juu, na kipupwe kimekuta kisima kina chumvi. Ukimwagilia leo, keshokutwa jani limeungua kingo. Jirani yetu wa matuta, Mama Asifiwe, alikata tamaa akaacha, sasa anakaanga vitumbua.

Ghafla chainizi yetu ikarudi kijani. Nilifurahi jamani! Nilipomuuliza mume wangu, akasema ni maombi. Mie na ujinga wangu nikaamini, nikafunga mafungu ya kwanza, kina mama wa kwaya wakayatanguliza kanisani Jumamosi. Si unajua kwetu tangu enzi za baba malimbuko ni ya Mungu kwanza.

Jumapili asubuhi nilishuka bondeni, nikaukuta mpira wa pampu umezama kwenye mtaro mweusi wa maji ya sumu unaotoka kiwandani. Nilimkabili Brightson. Akaniambia ninyamaze, kwani tutakula mawe?

Nilikimbia kanisani, nikakuta mnada wa sadaka umeanza. Mama Asifiwe ndiye aliyekuwa juu kwa bei, akisema binti yake Asifiwe kajifungua hospitali ya Mwananyamala na anahitaji mboga za kuongeza damu. Ningesema, mume wangu angeumbuka mbele ya usharika mzima. Nikanyoosha mkono, nikapandisha bei. Akapandisha, nikapandisha tena. Watu wakacheka kwamba Mama Blessing kanogewa na mboga zake mwenyewe. Mchungaji akanibariki kwa kutoa mara mbili.

Kaka, nililipa kwa nauli ya kuja kwenye kipaimara cha Praygod. Siumwi, nilimdanganya wifi niliposema naumwa ndiyo maana siji. Mboga nilizifukia, nikadhani yamekwisha.

Kumbe wapi! Leo Mama Asifiwe kanisimamisha njiani, kanishika mikono yote miwili. Anatushukuru. Brightson alimwonea huruma kwa kushindwa mnadani, akampelekea fungu kubwa bure, na tangu siku hiyo anampelekea kila asubuhi. Mzazi anakula vizuri, kaniambia, na mtoto ananyonya.

Nimekuja nyumbani kukuandikia kwanza, maana naogopa. Nikifunga bahasha nakwenda kwa Mama Asifiwe kumweleza yote, hata Brightson akinifukuza. Kwa hiyo huenda mkaniona kwenye kipaimara licha ya yote, kwa nauli ya kukopa, mie na Blessing na begi la nguo. Msituulize mlangoni.

Mpe mama shikamoo yangu, na umwambie aniombee. Wifi anisamehe.

Ni mimi mdogo wako,
Clara