Suleimani Hakuwahi Kufika Masumbwe

Baba,

Shikamoo. Najua sitaisikia marahaba yako, lakini nikianza bila kukuamkia utanigombeza hata huko uliko. Mikono yangu ina rangi hadi kwenye viwiko na sijaoga, ila habari hii haingoji maji yachemke. Leo nimemshinda Mfalme Suleimani!

Unaukumbuka ukuta wa karasha pale Masumbwe, wanaposaga mawe ya dhahabu, ambalo siku hizi ni la Mama Neema. Mimi nimeshika ngazi, wewe uko juu na brashi, unaandika maneno uliyoyatunga njiani tukitoka nyumbani Samuye: "Mwamba hausikii kelele, unasikia nyundo." Kisha homa ikanilaza siku mbili. Niliporudi, chini ya maneno yako nikakuta "Mfalme Suleimani." Nikakuuliza kulikoni, ukacheka. "Ee Kabula, nani atasimama juani kusoma maneno ya fundi rangi? Mfalme alikuwa na dhahabu. Wachimbaji watamsikiliza."

Na kweli wakamsikiliza. Maneno yakaingia kwenye malori, kwenye hotuba za harusi, mpaka kwa vinyozi wa mtaa wa Kambarage mjini. Siku ya kukuzika, mchungaji akatufariji nayo! "Kama alivyosema Mfalme Suleimani..." Nikapiga kelele, "Alisema huyo hapo, kwenye jeneza!" Shangazi wakanidaka, wakanipepea, wakasema uchungu umenipanda kichwani. Uchungu ulikuwepo, lakini ile ilikuwa hasira, Baba. Umelala kimya, na maneno yako anapewa mtu mwingine mbele ya watoto wako.

Tangu siku hiyo kila niliyemweleza alinicheka. Mchungaji mwenyewe alikiri ameipekua Mithali yote mara mbili na hajayaona maneno hayo. Labda, akasema, yamo kwenye tafsiri ya zamani. Jamani! Bora aamini kitu asichokiona kuliko kuamini kimetoka Samuye.

Juzi Mama Neema akaniita niupake ukuta upya. Maneno yaleyale, na Suleimani wake. Nikamwambia ukuta nitaupaka, jina la mfalme siandiki.

"Basi nitatafuta fundi mwingine," akasema. "Na kama ni ya baba yako, mbona hakuandika jina lake?"

Nilikukasirikia wewe, nisikufiche. Nikamwomba aniache angalau nikwangue rangi iliyobabuka, halafu aite fundi amtakaye.

Nikaanza na mfalme, kwa hasira. Kipande kikadondoka, na chini yake nikaona bluu. Nikaweka kisu chini, nikachukua msasa na maji, taratibu, bila kukandamiza, vile ulivyonifundisha. Herufi zikatoka moja moja. "Masanja wa Samuye." Ni ile bluu yako ya kuchanganya mwenyewe, ambayo hakuna duka linaiuza.

Kumbe uliandika, Baba! Uliandika jina lako, likakauka, ukalitazama, ukaliogopa, ukalifunika na la mfalme.

Nililia nimeegemea ngazi. Kisha nikapiga yowe hadi wachimbaji wakazima karasha, na unajua karasha halizimwi kwa ajili ya mtu. Wakaja na vumbi lao usoni. Mama Neema akasoma kwa sauti, akarudia, akashika kiuno. Mchungaji akaitwa, akafika kwa bodaboda, akavaa miwani, akainama mpaka pua ikakaribia ukuta. Halafu akacheka mpaka akaketi kwenye mawe. "Ndiyo maana sikuyaona kwenye Mithali!" Jumapili atasahihisha madhabahuni, na amesema atalitaja jina lako na kijiji chako. Akina mama wanaochekecha mchanga wakapiga vigelegele.

"Haya, mwanangu," Mama Neema akasema, "liandike upya. Kubwa."

Nikamkatalia tena! Ukuta wote nimeupaka upya isipokuwa jina lako. Hilo nimeliacha kwa mkono wako uleule, nikalizungushia mstari mwekundu. Wapita njia wanasimama juani, Baba. Wanasimama na wanasoma.

Wabeja, Baba, asante. Wabeja kwa brashi, kwa ngazi, na kwa ile bluu. Pumzika sasa. Nami nina maneno yangu, nimeyatunga leo njiani nikirudi. Nakuahidi siku nitakayoyapandisha ukutani, chini yake nitaandika Kabula binti Masanja, nitashuka, na ngazi nitaiondoa, nisije nikapanda tena kulifunika.