Saa Tano Kutoka Dubai

Mdogo wangu Rukia,

Asubuhi ile ulinipigia simu ukiwa umeshakaa kwenye kiti, unanong'ona kama mtoto aliyejificha. "Dada, ndege yaondoka. Saa tano tu, nishafika. Mwambie mama asilale."

Nikatazama saa ya ukutani: saa moja na nusu. Kwa hiyo saa sita na nusu ungetua, na kutoka uwanjani hadi kwetu Changamwe si mbali. Miaka sita ukitandika vitanda vya hoteli huko Dubai, kilomita elfu tatu na zaidi baina yetu, na sasa zimebaki saa tano!

Nikaanza kukanda unga wa mahamri yako. Saa tatu na nusu ilikuwa haijafika niliposikia mlangoni: "Hodi, dada."

"Abee! Ngoja, nina unga mikononi."

Sauti ilikuwa yako, wallahi. Lakini akili ikaniambia ni jirani. Wewe bado uko juu ya bahari huko Arabuni. Nikanawa taratibu, nikafungua. Barazani jua tupu.

Ndipo mama akaniita. Wajua tangu apooze hakuwa akihisi kitu miguuni. Nilimkuta amejifunua shuka, anaitazama miguu yake.

"Mbona Rukia amewahi?" akasema. "Amenishika miguu. Mikono yake baridi, masikini. Umempa chai?"

"Mama, Rukia bado yuko angani."

Alinitazama kama mimi ndiye mgonjwa.

Uwanjani abiria walitoka wote na mabegi yao, wewe hukutoka. Kisha nikaitwa ndani, nikakalishwa. Mama mmoja wa Nyali, aliyekaa nawe ubavuni, akanishika mkono.

"Aliniuliza Mombasa ni saa ngapi," akasema. "Nikamwambia saa tatu na dakika ishirini. Akajifunika mtandio, nikadhani amelala. Tulipotua nikamwamsha, hakuamka."

Daktari alisema ni moyo.

Ulipoletwa nyumbani, mama aliomba abebwe hadi pale ulipolazwa. Akakugusa mikono. "Ndiyo ile ile," akasema, wala hakulia. Mpaka leo huwaambia wageni kuwa ulikuja kumuaga.

Mimi ndiye ninayehangaika. Ndege ilikuwa na saa tatu nzima mbele yake. Njia hiyo uliikata vipi? Na mbona uliingia kwa mama, mimi ukaniacha? Huenda ulinisikia nikisema ngoja, ukaona huna nafasi ya kungoja. Nikilifikiria hilo, mwili hunisisimka hata mchana kweupe, nimezungukwa na watu.

Juzi mama aliniuliza, "Nawe, alikuaga vipi?"

Nikamfunika miguu. "Alinikumbatia, mama."

"Alhamdulillahi. Basi alituaga sote." Akageukia ukuta, akapata usingizi mzuri ambao hakuwa ameupata tangu tukuzike.

Ni uongo, Rukia, nami sitaufuta. Ukikutana naye huko, inshallah baada ya miaka mingi, tafadhali usimwambie.

Mola akurehemu.

Ni mimi, dada yako mkubwa.