Kiganja Chini ya Kidevu

Junda, Kisauni
Jumatatu

Kwa ndugu yangu mpenzi Idarus,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta huko Mtongwe ukiwa mzima, na goti la mkeo Mwanaima limepata nafuu. Sisi hapa hatujambo, alhamdulillahi, ila moyo wangu hautulii, kwa kuwa kabla ya Ijumaa yanipasa kuamua kama nitaendelea kuwasalisha watu.

Jambo lilianzia kwa mjukuu wetu Wardah. Mwalimu wake wa chekechea, Bi Milcah, aliwaagiza watoto wajifunze nyumbani kugawa maneno kwa silabi, kila silabi kofi moja. Nilimwendea nikamweleza kwamba baraza yangu imepakana na msikiti, na makofi hayapendezi pale. Hakubisha. Alisema basi mtoto aweke kiganja chini ya kidevu cha msemaji, na kila kidevu kinaposhuka ahesabu silabi moja.

Tukaanza, Wardah na watoto wa jirani, kila alasiri. Mimi natamka, wao wanashika kwa zamu. Walicheka wakidai ndevu zangu zinaficha silabi. Juzi nikataja Kiembeni, anakokaa mama yake. Wardah akasema ni tatu. Nikamwambia ni nne, ahesabu tena. Akahesabu, akanitazama usoni.

"Babu, moja umeimeza."

Wenzake wakashika, wakakuta vivyo hivyo.

Nilimwuliza Mahir, mwadhini wetu, kama usomaji wangu umebadilika. Alijibu kwamba ni ule ule. Lakini alijibu akitazama mkeka. Sasa sijui ni wangapi wanaonistahi kwa kunyamaza. Nasoma Fatiha peke yangu, nasimama, natembea uani, narudia tena.

Nimekuficha, ndugu yangu. Daktari amesema nilipatwa na kiharusi chepesi, na ulimi haujarudi sawasawa. Ndiyo maana simu zako sizipokei: nachelea utasikia. Dawa natumia, na shifaa ni kwa Mola. Lakini sala ya watu ni amana, na herufi ya Fatiha ikianguka, haiangukii kwangu peke yangu.

Jibu usiandike, vuka feri Alhamisi. Ijumaa utasalisha wewe, nami nitasimama safu ya kwanza, nyuma yako. Najua utakataa, useme mdogo hamtangulii mkubwa wake. Tangulia.

Wardah anakuamkia, na mama yake pia. Mwenyezi Mungu akufikishe salama.

Ndugu yako,
Shee Athman