Ukuta wa Mama Yangu

Mjukuu wangu Kiden,

Sisi huku Dranya wazima. Shangazi yako ametoka hospitali ya Kuluva, na ameshaanza kutugombeza kama zamani.

Unasema mwalimu wako wa upigaji picha anataka uandike ulikotoka na kazi ya sanaa unayoipenda, nawe unauliza kama huku kwetu sanaa ilikuwapo. Ilikuwa ukutani.

Nilipokuwa mdogo, baba yangu alikuwa askari mbali. Mama akamwita mpiga picha kutoka Arua ili ampelekee baba sura zetu. Mpiga picha alitundika kitambaa kilichochorwa ghorofa na maua. Mama akakataa.

"Toa hii kitambaa. Bwana yangu iko najua ukuta ya nyumba yake."

Alikuwa ameusiriba upya kwa udongo mwekundu, akauchora kwa vidole, kwa majivu na masizi.

Karatasi ilipoingia kwenye maji ya dawa, nilichungulia. Mama alijitokeza polepole, uso mweupe, nikapiga yowe. Mpiga picha akacheka, akasema karatasi ya kwanza hugeuza weusi kuwa weupe, akaipiga picha ile picha yenyewe, na mama akarudi na weusi wake, ukuta wote nyuma yake. Mpaka leo sijaona ajabu kama ile.

Mvua iliuosha ukuta mwaka uleule. Picha baba alirudi nayo mfukoni. Nakutumia. Tazama chini, karibu na goti la mama, uone alama za vidole vidogo zilizoharibu mstari. Mama aliziona, akaziacha.

Ni zangu. Anza kuandika hapo.

Bibi yako